Kufika Nyumbani Salama Baada ya Zamu ya Usiku

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa zamu ya usiku katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo ni nadra kuliona katika orodha ya mikutano yetu. Tumezoea kusema juu ya mishahara, likizo na masaa ya kazi, na ni haki yetu kusema hivyo. Leo nataka tuitazame safari ya mwisho ya siku, kutoka lango la kazi mpaka mlango wa nyumba. Nasema hasa juu ya yule anayemaliza kazi saa sita au saa nane ya usiku, matatu zimepungua au zimekwisha kabisa, na njia iliyobaki ni kupanda teksi peke yake.

Watu hawa ni wengi katika nchi yetu. Wako wapishi na wahudumu wa hoteli za Nairobi na Mombasa. Wako wauguzi, wafagiaji wa maofisi, watu wa viwanda vya Industrial Area na vya Athi River, na vijana wanaojibu simu za wateja usiku kucha. Sheria ya kazi ya zamani, Sura ya 226, ilikataza wanawake kufanya kazi ya usiku viwandani, ila kwa ruhusa maalum. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 haina katazo hilo. Hilo ni jema, maana mwanamke ana haki ya kupata kazi kama mwanamume. Lakini sheria hiyo haikueleza huyu mama atarudije nyumbani kazi ikiisha. Mlango wa kazi umefunguliwa, njia ya kurudi imebaki gizani.

Tusidanganyane kwamba hatari hii ni ya wanawake tu. Mwanamume naye huporwa simu na mshahara, hupigwa, na hutupwa kando ya barabara. Ila dada zetu wana hatari nyingine juu ya hiyo, nasi sote tunaijua.

Nitaanza na yale ambayo kila mtu aweza kuyafanya mwenyewe. Kisha nitasema yale ambayo mtu mmoja hawezi, ambayo ni kazi ya chama.

Kwanza, teksi iitwe ukiwa ndani. Usitoke barabarani na simu mkononi kutafuta gari. Ngojea langoni pamoja na askari, mahali penye taa. Ikiwa umeiita kwa simu, namba ya gari uliyoandikiwa na namba iliyo mbele ya macho yako lazima ziwe sawa, herufi kwa herufi, na uso wa dereva uwe ule ule wa picha. Dereva akisema gari lake limeharibika na amekuja na la ndugu yake, mwambie asante, aende zake. Tena usimtajie jina lako. Muulize, "Umekuja kumchukua nani?" Mwenye safari yako atalijua jina.

Ikiwa ni teksi ya stendi, mstari wa manjano ubavuni ni alama ya teksi, lakini si dhamana, kwa maana rangi yauzwa dukani. Dhamana ni dereva anayejulikana na askari wa lango na wenzako. Patana bei kabla ya kuingia, ili ugomvi wa fedha usizuke gizani mwisho wa safari.

Pili, tazama ndani kabla ya kukaa. Akiwamo mtu mwingine, hata akiitwa rafiki au utingo, usipande. Dereva akitaka kumpakia mwingine njiani, kataa. Kaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, ambapo unamwona dereva na unaweza kushukia kando ya barabara. Kabla gari halijaondoka, fungua mlango wako kutoka ndani, kisha uufunge. Milango mingine ina kifungo cha kuzuia watoto, na mlango wenye kifungo hicho haufunguki kwa ndani. Ni heri uyajue hayo ukiwa bado langoni.

Tatu, mtu ajue uko wapi. Mpelekee mwenzako au mtu wa nyumbani namba ya gari, na ukiweza, ile picha ya njia ambayo simu za kisasa zinaonyesha. Halafu mpigie, useme kwa lugha ambayo dereva anaisikia: "Nimeshapanda, namba ya gari nimekuletea, nitafika baada ya nusu saa." Mwenye nia mbaya hutafuta mtu asiyeulizwa na yeyote.

Nne, usilale. Najua ni rahisi kusema. Mtu aliyesimama miguuni saa kumi, akikaa kwenye kiti laini, usingizi humjia kama mwizi. Lakini anayelala hajui njia imegeuzwa wapi. Wala usipokee soda, pipi wala maji kutoka kwa mtu usiyemjua, hata akiwa mpole namna gani.

Tano, shukia mahali penye taa na watu, mbele ya duka au kwenye lango lenye mlinzi. Si lazima dereva aujue mlango wako. Lipa kabla ya kufungua mlango, na noti ziwe tayari, ili usipekue mkoba gizani. Ukilipa kwa M-Pesa, jina la aliyelipwa na saa vimebaki katika simu yako, na huo ni ushahidi. Funguo za nyumba ziwe mkononi kabla hujashuka.

Njia ikigeuzwa, uliza mara moja na kwa sauti ya kawaida. Huenda kuna sababu. Kama jibu halikuridhishi, mwambie akushushe kwenye petroli stesheni au stesheni ya polisi iliyo karibu. Akikataa, piga 999 au 112, utaje namba ya gari na mahali. Na ikiwa ni mkoba wanaoutaka, wape. Simu hununuliwa tena, uhai haununuliwi.

Hapa, ndugu zangu, nataka tumkumbuke dereva. Yeye naye ni mfanyi kazi wa usiku. Naye huingiwa na mtu asiyemjua, akaambiwa ageuze njia, akanyang'anywa gari na pengine roho. Anatuogopa kama tunavyomwogopa. Wengi wao huendesha magari ya watu, na kila jioni lazima wampelekee mwenye gari hesabu yake. Kampuni za simu nazo huwakata fungu. Kanuni za Serikali za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 ya nauli. Ndiyo sababu dereva wengine husema, "Futa safari kwenye simu, tupatane mimi na wewe." Anataka kuokoa fungu lake, nami simlaumu kwa kutafuta mkate. Lakini safari ikifutwa, maandishi ya safari yamefutwa pia. Ukipatwa na shari, kampuni itasema haina habari. Dereva akipatwa na shari, ni vile vile. Mwambie hivi kwa heshima: "Ndugu yangu, maandishi haya yanatulinda sote wawili." Dereva mwaminifu ataelewa.

Sasa nakuja kwenye kazi ya chama.

Haya yote niliyosema ni mazuri, lakini yana upungufu. Yanamtwika mzigo mtu mmoja aliyechoka, usiku wa manane, na nauli ni ya mfuko wake. Wengi wetu tukihesabu nauli ya teksi tunaona nusu ya mshahara wa siku imekwenda. Ndipo mtu anaamua kutembea gizani, au kupanda gari la kwanza linalosimama. Hapo si uzembe, ni umaskini. Huwezi kumwambia mtu awe mwangalifu na huku huna la kumpa isipokuwa maneno.

Sikilizeni jambo moja la sheria. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 10, inasema kwamba mfanyi kazi akipelekwa kazini au kurudishwa kwa gari linaloendeshwa na tajiri wake, au na mfanyi kazi wa tajiri, au na mtu mwingine aliyeruhusiwa na tajiri hasa kwa kazi hiyo, safari hiyo huhesabiwa kuwa imo katika kazi. Maana yake ni kwamba ajali ikitokea njiani ndani ya gari hilo, ni ajali ya kazini. Lakini ukipanda teksi uliyoikodi mwenyewe kwa shilingi zako, kifungu hicho hakikufuati. Safari ni ile ile, barabara ni ile ile, na umechoka kwa kazi ile ile. Tofauti ni nani aliyeliita gari.

Kwa hivyo tajiri akituambia kwamba habari ya usiku ni yetu wenyewe, tumjibu kwa adabu kwamba sivyo. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Pendekezo namba 178 la mwaka 1990 juu ya kazi ya usiku, lilisema zichukuliwe hatua za kuwalinda wafanyi kazi wa usiku wanaposafiri, na likataja kupatanisha saa za zamu na saa za magari ya abiria, na tajiri kuwapatia gari mahali ambapo magari hayo hayapo. Mkataba wa Shirika hilo namba 190 wa mwaka 2019, juu ya kukomesha ukatili na unyanyasaji katika kazi, unahesabu pia safari ya kwenda kazini na kurudi. Hatuombi sadaka. Tunaomba jambo ambalo dunia imekwisha kulitambua.

Na kabla tajiri hajakubali, tusikae tukingoja. Tuseme teksi kutoka kazini mpaka mtaani ni shilingi 800. Mtu mmoja hawezi kulipa hizo kila usiku. Wanne wanaokaa upande mmoja wakipanda pamoja, kila mmoja atoa 200, na hakuna aliye peke yake mpaka yule wa mwisho. Huyo wa mwisho apigiwe simu na wenzake mpaka aseme amefunga mlango.

Lazima niseme pia la kufanya ikiwa mwenzetu amekwisha kupatwa na ubaya. Aliyeporwa aende stesheni ya polisi, aandikishe habari katika kitabu, na asitoke bila kupewa namba ya OB. Aliyenajisiwa, awe mwanamke au mwanamume, aende hospitali kwanza, asingojee karatasi ya polisi. Asioge kabla ya kuonwa na daktari, na nguo zake asizifue, azitie katika mfuko wa karatasi. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianzwe kabla saa 72 hazijapita, na ikianzwa mapema ndiyo bora. Simu namba 1195 hupokea habari za mambo haya, na kuipiga hakuna malipo. Nasi wenzake kazi yetu ni kumsindikiza. Tusimwulize alivaa nini wala kwa nini alitoka usiku. Alitoka usiku kwa sababu zamu yake iliisha usiku.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa kuuomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

La kwanza, tawi liweke daftari langoni kila usiku. Anayetoka aandike jina, saa na namba ya gari, na wa mtaa mmoja wapangwe pamoja. Daftari ni bei ya shilingi chache.

La pili, wawakilishi wetu wakutane na madereva wa stendi iliyo karibu, tupate orodha ya wale tunaowajua, nasi tuwaahidi abiria wa hakika kila usiku. Dereva atapata kazi, nasi tutapata usalama.

La tatu, na ndilo kubwa, katika majadiliano yajayo na tajiri, usafiri wa zamu ya usiku uandikwe katika mapatano. Anayemaliza kazi baada ya saa nne ya usiku arudishwe kwa gari la kazi au la mtu aliyeidhinishwa na tajiri. Pale isipowezekana, zamu ipangwe iishe wakati magari yapo. Tusikubali kupewa maneno matupu ya mdomo, maana maneno ya mdomo hayana sahihi.

Ndugu zangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Usiku wa leo wako wenzetu watakaotoka saa sita. Kabla hatujatawanyika, nawaomba tujue ni akina nani, wanakaa wapi, na watakwenda na nani.