Mashine ya Boti Huoshwa Siku Ileile

(Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wavuvi wa Kilwa Masoko, yanayochapishwa kwa ajili ya ambao hawakuwapo.)



Mimi si fundi, ila nimelelewa na wavuvi. Msimu mmoja wa kusi, ami yangu na wenzake watatu walikuwa wakirejea kutoka upande wa Songosongo. Mashine ilipata moto, ikazima. Walilala baharini wakichukuliwa na mkondo, na alfajiri wakaokolewa na jahazi lililokuwa likipita. Fundi alipoifungua mashine, alikuta njia za maji zimezibwa na chumvi. Tangu inunuliwe haikuwahi kuoshwa kwa maji baridi.

Ndugu zangu, lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mashine huyavuta maji hayo ili yaipoze. Unapoizima, yanayobaki ndani hukauka na chumvi hugandia njiani. Kila safari huongeza tabaka lake, hadi maji yakose pa kupita.

Dawa yake ni kuiosha siku ileile unaporudi. Asiye na bomba atumie pipa. Kwa usalama, vua rafadha kwanza, kisha tumbukiza mguu wa mashine hadi maji baridi yafunike matundu ya kuvutia maji. Iwashe bila kutia gia, iunguruma polepole kwa dakika 10 hadi 15, na utazame mkojo wake. Ukitoka dhaifu au usipotoka, zima mara moja umwite fundi. Kamwe usiiwashe mashine pakavu, kwani mpira wa pampu huungua kwa muda mfupi sana. Badilisha maji ya pipa yanapoanza kukolea chumvi. Ukimaliza, iache mashine wima ili maji yote yachuruzike.

Jambo la pili ni kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mguu. Madini mbalimbali yakikutana ndani ya maji ya chumvi, lililo dhaifu huliwa. Zinki imewekwa iliwe yenyewe ili bodi ipone. Ikiliwa nusu, ibadilishwe. Wala isipakwe rangi, kwa maana ikifunikwa haifanyi kazi. Vilevile, boti ikitia nanga, inua mashine itoke majini.

Tatu, kagua oili ya gia na uibadilishe kila baada ya saa 100 za kazi. Ukiiona nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili imechoka. Mpira wa pampu nao ubadilishwe walau mara moja kwa mwaka. Sehemu zenye chuchu za grisi zitiwe grisi, na rafadha ivuliwe mara kwa mara, mhimili wake upakwe, isije ikagandia.

Na iwapo mashine imezama, usiiache juani ikisubiri zamu ya fundi. Chumvi ikikutana na hewa, kutu huanza kazi papo hapo. Ioshe kwa maji baridi, toa plagi, mwaga maji yaliyomo, uifikishe kwa fundi siku hiyo hiyo. Ikishindikana, izamishe kwenye pipa la maji baridi hadi afike.

Najua maji baridi ni ya kununua, na mtu anayerudi usiku amechoka. Lakini pipa moja la maji halilingani na bei ya mashine, sembuse roho nne. Mnaweza kuchangia pipa moja hapa dikoni na kupeana zamu, kila chombo kikaandika tarehe ya kuosha, ya oili na ya zinki katika daftari. Anayehitaji kuelekezwa amwone Afisa Uvuvi wa kata yake.

Ami yangu bado anavua. Siku hizi hali chakula cha usiku kabla hajaiosha mashine.