Kumbukumbu Zetu, Jina Letu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya vijana na akina mama, Musanda)

 

Nianze na miwa, kwa sababu hapa kila mtu anaijua. Muwa unakaa shambani kama mwaka mmoja na nusu ndipo uvunwe. Sasa tuseme umekodi shamba kwa mdomo tu, hakuna maandishi. Umelima, umepanda, umepalilia. Miwa ikifika magotini, mwenye shamba anakuja anakwambia amebadili nia. Utafanyaje? Jasho ni lako, ardhi ni yake.

Kikundi chako kinafanya hivyo hivyo kila siku kwenye simu. Picha za miradi, matangazo, kumbukumbu za mikutano, zote mnazipanda kwenye shamba la mtu mwingine, na hakuna hata karatasi moja mkononi.

Yalitupata sisi. Kikundi chetu kilikuwa na ukurasa kwenye mtandao wa kijamii. Ndugu yetu mmoja aliufungua kwa laini yake ya simu, nasi tukashukuru, maana hakuna mwingine aliyejua. Kwa miaka mitatu tuliweka kila kitu pale. Siku moja tulikubaliana na majirani juu ya njia ya kwenda kwenye chemchemi: ipite wapi, upana wake uwe hatua ngapi. Watu wakatia sahihi, tukapiga picha ile karatasi, tukaiweka kwenye ukurasa. Tukasema imehifadhiwa.

Baadaye ndugu yetu akahamia mjini, laini ile akaacha kuitumia. Ukurasa ukaingiliwa. Jina likabadilishwa, picha zikafutwa, pakaanza kuuzwa viatu. Tuliandika malalamiko mara nyingi, hakuna binadamu aliyetujibu. Na karatasi yenyewe? Ilinyeshewa kwenye sanduku.

Njia ile ilipozibwa, tulienda kwa wazee tukiwa mikono mitupu. Mama mmoja alikuwa na ile picha kwenye simu yake, alitumiwa na mwenzake, lakini ilikuwa imefifia. Sahihi hazisomeki. Mpaka leo akina mama wanazunguka mbali na mitungi kichwani huku kesi ikisubiri. Ndiyo maana sitaki kukuongelesha habari ya kompyuta kama fasheni. Nakuongelesha habari ya ushahidi.

Neno hilo la ushahidi lina historia yake hapa kwetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30. Watu wanauawa, nyumba zinachomwa, na redio hairuhusiwi kutangaza yanapotokea. Wakili mmoja Mkenya, Ory Okolloh, alikuwa na tovuti yake mwenyewe iliyoitwa Kenyan Pundit. Akaendelea kuandika pale. Mwanzoni mwa Januari 2008 akauliza hadharani: kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu zinatokea wapi? Wenzake wakajitokeza, akina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, na ndani ya siku chache ikazaliwa Ushahidi. Mwananchi anatuma ujumbe mfupi wa simu, tukio linawekwa kwenye ramani. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010.

Angalia walianza na nini. Walianza na mtu mwenye mahali pake pa kusema, mahali ambapo watu walishazoea kumtafuta.

Sasa tuingie kwenye kazi. Kuwa na tovuti yenu kunahitaji vitu vitatu: jina, nafasi na programu. Usivichanganye.

Jina ndilo mafundi wanaliita domeni, lile unaloandika juu kabisa ili kufika kwenye tovuti. Kompyuta zenyewe hutafutana kwa namba. Jina limewekwa kwa ajili yetu binadamu, na kuna seva maalum zinazobadilisha jina kuwa namba, kama vile wewe unavyobonyeza "Mama" kwenye simu bila kukumbuka namba yake. Mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozimika dunia nzima kwa karibu saa sita? Mafundi wa kampuni yenyewe walikosea wakiwa kwenye matengenezo, na seva zao za majina zikapotea mtandaoni. Simu zetu zikawa hazijui facebook.com iko wapi. Kampuni kubwa namna ile! Kwa hivyo jina si urembo. Jina likipotea, hata kama nyumba bado imesimama, hakuna anayefika.

Majina ya Kenya yanaishia na .ke, na yanasimamiwa na KeNIC. Unayapata kupitia kwa wasajili waliopewa kibali, unalipa kila mwaka, hata kwa M-Pesa kwa wengi wao. Miisho iko mingi: co.ke ni ya biashara, or.ke ya mashirika yasiyotafuta faida, me.ke ya mtu binafsi, sc.ke ya shule, ac.ke ya vyuo, go.ke ya serikali. Tangu 2017 unaweza pia kusajili jina linaloishia .ke peke yake. Kwa kikundi kama chenu or.ke inafaa, lakini uliza kwanza kama utadaiwa cheti cha usajili. Chagua jina fupi, ambalo ukilitamka kwa simu mara moja tu, mtu wa Mumias analiandika bila kukosea.

Kitu cha pili ni nafasi, yaani seva ambamo tovuti itakaa. Unaweza kuweka kompyuta yako nyumbani ikafanya kazi hiyo, lakini nyinyi mnajua stima ya kwetu. Kwa hivyo tunakodi nafasi kwa kampuni. Ndiyo, tunakodi tena! Mzee mmoja alinishika hapo hapo: "Sasa kijana, si umesema tuache kukodi?" Nikamjibu: Mzee, tofauti ni hii. Hapa miwa ni yako na unaweza kuibeba. Kampuni ikikusumbua, unachukua faili zako zote, unazipeleka kwa kampuni nyingine, unaelekeza jina lako kule. Msomaji anaandika jina lile lile, wala hajui kama mmehama. Kuelekeza huko kunachukua saa chache, wakati mwingine siku moja au mbili, kisha kazi inaendelea. Lakini kwa sababu ya hilo, ukiweza, nunua jina kwa kampuni moja na nafasi kwa kampuni nyingine, ili mtu mmoja asikushike kote kuwili.

Cha tatu ni programu ya kuandikia. Wengi wanatumia WordPress, iliyoanza 2003. Ni ya bure na ni huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuifungua na kuibadilisha. Hapa sikiliza vizuri, maana watu huteleza: WordPress.com ni kampuni inayokuwekea tovuti kwenye seva zake, kwa masharti yake. WordPress.org ndipo unapopata programu yenyewe uiweke kwenye nafasi yako. Kampuni nyingi za kukodisha nafasi zina kitufe cha kuisakinisha, ni dakika chache tu. Kisha hakikisha anwani yenu inaanza na https, ile alama ya kufuli. Usikubali kuuziwa kufuli hiyo kwa bei ya ajabu. Let's Encrypt wanaitoa bure tangu 2015, na kampuni nyingi zinaiweka zenyewe.

Basi, tovuti imesimama. Lakini niliyoyaona mimi yananiambia kwamba vikundi haviangushwi na ufundi. Vinaangushwa na mambo ya kawaida ya watu. Shika haya.

Jina lisajiliwe kwa jina la kikundi, si la kijana anayejua kompyuta. Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi, maana kesho nitapata kazi Nairobi au nitaingia kaburini, na kikundi kitabaki. Watu watatu wajue nywila: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Iandikwe kwenye karatasi, ifungwe ndani ya bahasha, ikae na hati nyingine za kikundi. Na washeni ule ulinzi wa hatua mbili, kwa laini ambayo iko hai.

Barua pepe mliyotumia kusajili jina isiwe ile ya jina lenyewe. Mkichelewa kulipa, tovuti inazimika na barua pepe inazimika nayo, na ilani ya kulipa inatumwa kwenye sanduku ambalo hamwezi kulifungua. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Malipo ya mwaka yaingie kwenye bajeti kama kodi ya ukumbi. Jina halinunuliwi mara moja likawa lako milele, usidanganywe. Lisipolipiwa, baada ya muda linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua, hata muuza viatu. Kama jina mnaweza kulilipia miaka miwili mbele, lipieni.

Wekeni nakala. Kila mwezi katibu apakue faili zote, aweke kwenye flashi, na nyingine ikae nyumba tofauti. Ukurasa muhimu unaweza pia kuuhifadhi Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanza 1996. Wanachukua nakala ya ukurasa na kuipa tarehe. Na karatasi halisi msiitupe! Simu haijawahi kuchukua nafasi ya faili ya katibu.

Mwisho, ukiwa na nyumba yako, makosa pia ni yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Usiweke namba ya kitambulisho ya mtu, wala picha ya mtoto bila ruhusa ya mzazi, wala orodha ya wagonjwa mliowachangia. Ukimtaja mtu kwa ubaya bila ushahidi, ni wewe utakayejibu mahakamani. Katiba, kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kujieleza, lakini kifungu hicho hicho kinakutaka uheshimu haki na heshima ya wengine.

Najua swali lililobaki: pesa. Haya yote yana gharama, na kikundi kina mambo mengi. Sisi tulikaa tukapiga hesabu. Tuligundua kwamba tukigawana jina na nafasi kwa mwaka mzima, kila mwanachama anatoa pesa ya soda mara chache. Kama hata hiyo ni ngumu, vikundi vitatu au vinne viungane, tovuti moja, kila kikundi na ukurasa wake. Na kama hamuwezi chochote mwaka huu, anzeni na jina peke yake. Lishikeni kabla mwingine hajalishika.

Sisemi mfunge kurasa zenu za mitandao ya kijamii. Huko ndiko watu waliko, endeleeni kuwaita huko. Lakini mkikumbuka Google+, iliyofungiwa watu wa kawaida Aprili 2019 na kila walichoandika kikafutwa, mtajua kwamba soko si mahali pa kuweka hati ya shamba. Nenda sokoni utangaze, kisha urudi nyumbani uweke sanduku lako.

Kazi ya kila mmoja wetu wiki hii ni moja. Kikundi chako kikutane, kiulize: karatasi zetu ziko wapi, nani ana ufunguo, na yule mtu akiondoka kesho itakuwaje? Mkikosa jibu, mjue mnafanana na sisi tulivyokuwa kabla njia ya chemchemi haijazibwa. Sisi tulijua tumechelewa pale wazee walipotuuliza, "Mna maandishi?" Wewe jiulize leo, kabla hujaulizwa.