NKOMANILE ASIMAME JUKWAANI



Watoto wetu wa Ngara na Biharamulo hulijua jina la Kinjeketile Ngwale. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imelieneza mashuleni. Jina la Nkomanile ni wachache walisikialo. Naye alikuwa kiongozi mwanamke wa Wangoni, chini ya Nkosi Mputa Gama. Vita vya Majimaji vilipoanza Umatumbi mwaka 1905, ndiye aliyempokea Omari Kinjala, mjumbe aliyeipeleka dawa ya maji Ungoni. Kati ya mashujaa 67 wanaokumbukwa Songea kila tarehe 27 Februari, siku ya kunyongwa kwao mwaka 1906, mwanamke ni yeye peke yake.

Napendekeza vijana na akina mama wetu waandae igizo la maisha yake.

Yupo atakayeuliza: Je, kanisa limsifu mtu aliyeiamini dawa ya maji? Tena wapiganaji wa Ungoni waliichoma misheni ya Peramiho. Hilo ni kweli, nalo lionyeshwe. Bali tukumbuke kwamba wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910, miaka minne tu baada ya kitanzi cha Songea, na bendera iliyopepea juu ya boma la Biharamulo ilikuwa ile ile. Injili tuliyoipokea ni njema. Haihitaji tuifunike damu iliyomwagwa na dola ya siku zile. Kanisa lisiloweza kuwalilia wafu wa jirani litawafundishaje watoto wake kusema kweli?

Basi nawasihi watungaji mambo matatu. Kwanza, msimtungie Nkomanile hotuba ndefu, kwa kuwa maneno yake hatukuachiwa. Matendo yake yaseme. Panapokosekana neno, ngoma ilie au pawe kimya. Pili, kitanzi kisionyeshwe. Wasimame watu 67, wanaume 66 na mwanamke mmoja, kisha taa izimwe. Kila mtazamaji atahesabu mwenyewe.

Tatu, igizo lisiishie hapo. Serikali ya Kijerumani ilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Waingie akina mama wenye vyungu vitupu. Ngara, iliyowaona wakimbizi wakivuka Rusumo mwaka 1994, haihitaji kufundishwa sura ya mama aliyebeba mtoto mwenye njaa. Hapo ndipo Songea itakapokuwa jirani yetu, ingawa iko mbali.

Usharika uliotimiza miaka mia moja una haki ya kusherehekea. Una wajibu pia wa kukumbuka. Tuwape vijana kalamu na ukumbi, na wazee wakae viti vya mbele.