Kazi Ndogo za Nyumbani

Masomo: Matendo ya Mitume 9:36-42, Yohana 21:1-17

Wewe uliye jikoni ukipuliza moto, wewe uliye mgonjwa kitandani, na wewe unayejitayarisha kwenda kazini, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka tuzungumze juu ya sindano na uzi, unga na hamira, kibuyu cha maziwa na birika la chai. Labda utasema, "Hayo ni mambo ya nyumbani tu. Yanahusiana nini na Neno la Mungu?" Ngoja kidogo, ndugu yangu, utaona.

Fikirini kwanza furaha iliyomo katika kitu kilichotengenezwa nyumbani. Kule pwani, mama hukanda unga wa mahamri jioni. Hutia hamira, sukari, iliki na tui la nazi, akafunika bakuli kwa kitambaa, akaenda kulala. Usiku kucha unga unaumuka bila kelele. Asubuhi huukata vipande na kuvitia katika mafuta ya moto, navyo hufura kama mito midogo. Nyumba nzima hunukia iliki, na hata mtoto mvivu huamka bila kuitwa mara ya pili.

Kule Bonde la Ufa, mama wa Kikalenjin husafisha kibuyu chake, akakisugua ndani kwa kaa la mti uitwao senetwet. Kisha hutia maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akaziba, akayaacha siku kadhaa. Hayo ndiyo mursik, na mursik haina haraka. Ukambani, kina mama husokota nyuzi za mkonge na kusuka viondo, mikono ikienda yenyewe huku wakizungumza na jirani. Tena katika nyumba nyingi za Kenya, ukikaribishwa kuketi, utaona viti na meza vimepambwa kwa vitambaa vya kufuma, vyenye maua yaliyofumwa tundu kwa tundu baada ya kazi za mchana. Tangu Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, kina mama wengi wa vijijini wamejifunza kushona na kuoka wakiwa wamekaa pamoja katika vikundi. Walijifunza kazi, na pia walipata marafiki.

Je, vitu hivi haviuzwi dukani? Vinauzwa. Mkate upo, soda ipo, sweta zipo sokoni kwa mafungu. Nami sisemi kwamba kununua ni vibaya. Mama atokaye kazini saa kumi na mbili jioni amebeba mkate wa dukani amewalisha watoto wake, na Mungu analijua jasho lililoununua mkate ule. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa mkono kina jambo moja lisiloweza kutiwa na pesa. Yule aliyekitengeneza alikuwa akikufikiria wewe. Mama anayemshonea mtoto wake shati hupima mabega ya mtoto yule, wala si ya mwingine. Anayepika chai anajua kwamba babu hataki sukari nyingi, na kwamba shangazi anapenda tangawizi. Kila mshono ni dakika aliyoitoa katika maisha yake, na dakika hiyo haitarudi tena kwake.

Sasa twende Yafa, mji wa bandari, siku za mitume. Huko aliishi mwanamke mmoja, mwanafunzi wa Bwana, jina lake Tabitha, na kwa Kiyunani Dorkasi, maana yake paa. Alijulikana kwa kuwatendea watu mema na kuwasaidia maskini. Basi akaugua, akafa. Wakamwosha na kumlaza katika chumba cha juu. Petro alikuwa Lida, si mbali na hapo, nao wakatuma watu wawili wamwombe aje upesi.

Petro alipopanda ghorofani alikuta nini? Alikuta wajane wanalia. Tena walikuwa wakimwonyesha kanzu na mavazi ambayo Dorkasi aliyashona alipokuwa pamoja nao. Angalieni jambo hili, wapendwa. Katika Biblia nzima hakuna hata neno moja lililotoka kinywani mwa Dorkasi. Hatujui kama alijua kusema mbele ya watu. Tunachojua ni nguo zake. Ushuhuda wake ulikuwa umevaliwa na watu, unatembea sokoni na kisimani.

Tena walikuwa wajane. Mjane wa siku zile, asiye na mume wala mwana wa kumtetea, alikuwa rahisi sana kusahauliwa. Hata leo tunajua jinsi ilivyo. Siku ya mazishi ua umejaa watu, na baada ya mwezi mmoja mama yule amebaki na watoto wake na ukimya. Lakini Dorkasi alikaa na mwanamke kama huyo, akamkatia kitambaa, akamshonea. Mjane alipoivaa nguo ile alijua kwamba yuko mtu anayemkumbuka. Ndiyo maana, alipokufa, hawakuweza kumlilia kwa maneno tu. Naye Petro akapiga magoti, akaomba, na Mungu akamrudisha Dorkasi akiwa hai kwa wajane wale.

Kuna somo la pili, nalo liko ufuoni mwa bahari ya Tiberia. Mnakumbuka ya kuwa usiku ule wa baridi, katika ua wa Kuhani Mkuu, Petro alisimama akiota moto wa makaa, na hapo akamkana Bwana wake mara tatu. Sasa Bwana amefufuka. Petro na wenzake wamevua usiku kucha wasipate kitu, hata kulipopambazuka mtu mmoja ufuoni akawaambia wautupe wavu upande wa kuume. Wakapata samaki wakubwa 153. Waliposhuka nchi kavu waliona moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate.

Nani aliutayarisha moto ule? Ni yeye aliyelishinda kaburi! Mbingu na nchi ni zake, naye anawapikia wavuvi wenye njaa chakula cha asubuhi. Petro alikuwa na deni kubwa la maneno siku ile. Yesu angeweza kuanza na kesi. Hakuanza nayo. Kwanza aliwalisha. Walipokwisha kula, ndipo alipomwuliza Petro mara tatu kama anampenda, akampa kazi ya kuwachunga kondoo wake. Petro aliangukia kando ya moto wa makaa, na kando ya moto wa makaa aliinuliwa, tumbo likiwa limeshiba.

Mpenzi msikilizaji, labda wewe hujazungumza na ndugu yako tangu mlipogombania mpaka wa shamba. Labda wewe na mama mkwe wako mnasalimiana kwa midomo tu. Wazee wameitwa, hata chifu amekuja, maneno yamesemwa mpaka yamechosha. Pengine kinachohitajika sasa si neno jingine. Pika uji mzuri wa wimbi, utie katika chupa ya chai, umpelekee. Usiende na hotuba. Mwambie tu, "Nimepika, nikakukumbuka." Huenda akaukataa. Basi rudi nyumbani bila uchungu, na siku nyingine upike tena. Na akiupokea, keti unywe naye. Maneno yatakuja baadaye, nayo yatakuja yakiwa mapole.

Na wewe mama mwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo, nina neno kwako pia. Humo ndani mna vitambaa vizuri na vikombe vyenye maua, na vyote vinamngojea mgeni wa heshima. Lakini watoto wako wanywea vikombe vilivyovunjika masikio. Je, wao si watu wa heshima? Siku moja tu katika juma, tandika kitambaa kile mezani, uwape chai humo. Kikimwagikiwa, kitafuliwa. Hao watakwenda shule za mbali na mijini, na watakumbuka kwamba nyumbani kwao walihesabiwa kuwa wageni wakubwa.

Tena waiteni karibu, wavulana kwa wasichana. Mvulana ajuaye kushona kifungo chake na kupika chapati hapungukiwi na kitu. Mkewe atamshukuru Mungu. Msichana aliyeonyeshwa na nyanya yake jinsi ya kufuma amepokea kazi, na pia saa nyingi za kukaa karibu na nyanya. Mtoto akikosea, mshono hufumuliwa ukashonwa tena. Hivyo anajifunza subira pasipo kuchapwa.

Na wewe unayesema, "Mimi sina kipawa, siwezi kuhubiri wala kuimba," itazame mikono yako. Ni nani utakayemtengenezea kitu juma hili? Mtaje kwa jina moyoni mwako sasa hivi. Kisha chukua sindano, au washa jiko.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewapikia wanafunzi wako kando ya bahari, tunakushukuru kwa mikono uliyotupa. Ubariki unga wetu, uzi wetu na maji yaliyo jikoni mwetu. Utuonyeshe aliyesahauliwa karibu nasi. Utupatanishe na yule tuliyeachana naye, uanze na mioyo yetu. Tunaomba haya katika jina lako. Amina.

Mungu awabariki, na muwe na siku njema.