Si Kila Mwanga Unaifaa Ngozi Nyeusi



Sisi wa Kaagya, Kemondo na Muleba tunajua nguvu ya taa kali. Ukifika msimu wa senene, mwezi wa Novemba, taa huwashwa usiku na senene huja wenyewe. Juma hili nazungumzia mwanga mwingine, ambao nao unawavuta watu: mwanga wa kuondoa nywele mwilini.

Mpwa wangu, aliyekuwa akijiandaa kwa harusi, alikuja kwangu amejifunika mtandio hadi mdomoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona umejifunika hivyo?"

Alikuwa na nywele chache kidevuni. Saluni moja ilimwambia mashine ya mwanga ingeziondoa daima. Alipotoka huko nywele zilikuwapo bado, lakini kidevu kilikuwa na alama nyeusi za kuungua. "Walisema ni leza, mjomba," akaniambia. Haikuwa leza.

Mashine hizi zote hufuata kanuni iliyoelezwa mwaka 1983 na madaktari wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish. Rangi nyeusi hunywa mwanga na kuugeuza kuwa joto, kama shati jeusi linavyopata moto juani. Joto hilo ndilo linalounguza mzizi wa unywele. Taabu ni kwamba rangi hiyo, melanini, imo pia katika ngozi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi, mwanga hupita hadi mzizini. Kwetu sisi, ngozi huupokea kwanza, nayo huungua.

Sasa tuzilinganishe. Mashine iitwayo kwa kifupi IPL ni taa inayomweka, na mwanga wake ni mchanganyiko wa mawimbi, kuanzia kama nanomita 500 hadi 1200. Ndiyo iliyomuunguza mpwa wangu. Zile ndogo za nyumbani pia huwa za aina hiyo, na watengenezaji wenyewe huonya kwamba haziwafai watu wenye ngozi nyeusi sana. Leza hutoa wimbi moja tu. Ile ya aleksandraiti, nanomita 755, ina nguvu, lakini ni ya ngozi nyeupe. Ya daiodi, kama 810, iko katikati. Ya Nd:YAG, 1064, huzama ndani zaidi na melanini ya ngozi huinywa kidogo. Kwa hiyo ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Hata hivyo, huuma, na haiziwezi sana nywele nyembamba. Wanaume wanaosumbuliwa na vipele vya ndevu wamepata nafuu kwayo.

Na neno "daima" je? Mamlaka ya dawa ya Marekani inazikubali mashine hizi kwa kupunguza nywele kwa muda mrefu, si kuzimaliza zote. Mwanga huua mizizi ya nywele zinazokua wakati huo tu, ndiyo maana hapana budi kurudi mara sita au zaidi, kila baada ya wiki kadhaa. Mvi hazisikii kabisa, kwa sababu hazina rangi. Sindano ya umeme, iliyoanza mwaka 1875 kwa Dk. Charles Michel wa St. Louis, haijali rangi, lakini huenda unywele mmoja mmoja, na mkono usio na ujuzi huacha makovu.

Basi, ndugu yangu, kabla hujatoa pesa, uliza: mashine hii ni ya aina gani, na nanomita ngapi? Anayeiendesha amesomea wapi? Je, mtanijaribu mahali padogo kwanza, tukasubiri? Macho yangu yatakingwa? Asiyeweza kujibu, muage kwa heshima.

Na mwanamke anayeota ndevu huku siku zake zikivurugika asikimbilie saluni, bali amwone daktari, kwani huenda homoni ndizo zenye kasoro. Kule KCMC, Moshi, kipo tangu mwaka 1992 chuo kinachofundisha wataalamu wa ngozi. Watu wa kuwauliza wapo.

Mpwa wangu aliolewa, na alama zinafifia polepole. Senene huufuata mwanga bila kuuliza. Sisi tumepewa ulimi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.