Mkonge, Korona na Bei ya Ng'ambo

 

Juma lililopita tulisema kwamba nchi yaweza kuwa na bendera yake na bunge lake, na huku bei ya mazao yake ikaendelea kukatwa na watu wasioijua hata kwa sura. Leo nataka kueleza jinsi jambo hilo linavyotendeka, na nitatumia mfano mmoja tu, nao ni mkonge wa Tanga. Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mmea wenyewe ni mkonge, na nyuzi zitokazo katika majani yake ndizo katani.

Mkonge si mmea wa Afrika. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche ilizungushwa hadi Hamburg, na ilipofika Tanga iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1913, nchi ilipeleka ng'ambo karibu tani 21,000 za katani.

Je, ni nani aliyekuwa na haja ya kamba nyingi kiasi hicho? Sidhani kama kuna mtu wa Muheza aliyeamka asubuhi moja akajiona amepungukiwa na tani elfu ishirini za kamba. Wenye haja walikuwa wakulima wa ngano wa Marekani, Kanada na Ulaya, ambao mashine zao zilifunga miganda na majani makavu kwa kamba, pamoja na wenye meli. Hata reli ya Tanga, iliyoanzwa kujengwa mwaka ule ule wa 1893, utaona katika ramani kwamba inatoka bandarini kwenda mashambani. Haikuwekwa ili mtu wa Korogwe amtembelee ndugu yake wa Kigoma.

Watu wa Kigoma walikuja, lakini kwa njia nyingine. Mashamba yalihitaji wakataji kwa maelfu, na wenyeji hawakuipenda kazi ile, maana ngozi huchomwa na miba na ujira ulikuwa mdogo. Basi wafanya kazi wakaandikwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, na ndiyo asili ya neno manamba. Wengi hawakurudi makwao. Wajukuu wao ni watu wa Tanga leo, na yamkini wengine wananisikiliza.

Sasa tuitazame bei, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha somo. Mwaka 1942 Wajapani waliziteka Ufilipino na Java, ambazo nazo zilikuwa zikiuza nyuzi za kamba. Mara moja katani yetu ikawa mali ya vita. Serikali ya Uingereza ikainunua yote kwa bei iliyoipanga yenyewe, na muuzaji hakuwa na ruhusa ya kutafuta mnunuzi mwingine. Kisha, mwaka 1950, vita vikaanza Korea. Mataifa makubwa yakaogopa na kuanza kujiwekea akiba, na bei ya katani mwaka 1951 ikaruka juu sana. Hofu ilipopungua, bei ikaanguka. Mkonge wa Ngomeni haukuwa umebadilika hata kidogo katika miaka ile. Jani lilikuwa lile lile, na mkataji alikuwa yule yule.

Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000, na hakuna nchi iliyotushinda. Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka huo, ulitegemea sana fedha hizo. Lakini viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimekwisha kujifunza kutengeneza kamba za plastiki kutokana na mafuta ya petroli, na Brazil nayo ilikuwa ikiuza katani nyingi. Bei ikateremka mwaka hata mwaka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali iliyachukua mashamba mengi. Mashamba yakawa yetu, lakini soko halikuwa letu. Mwaka 1973 kulipotokea vita Mashariki ya Kati petroli ikawa ghali, plastiki ikawa ghali, na katani ikapanda tena kwa muda mfupi! Hata hivyo uendeshaji wetu wenyewe nao ulikuwa na kasoro, na si haki kuwatupia wageni kila lawama. Mashine zilichakaa, mkonge mpya haukupandwa kwa wakati. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tukitoa tani 20,000 hivi, yaani kiasi kile kile cha mwaka 1913.

Huenda ukasema kwamba hayo ni mambo ya kale. La, si hivyo. Siku hizi wakulima wadogo wa Korogwe na kwingineko wanapanda mkonge katika vyama vya ushirika, na wengine wanaonisikiliza wanafikiri kufanya hivyo. Fikirini basi. Mkonge hukaa shambani karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha huendelea kukatwa kwa miaka mingi. Bei hubadilika kwa majuma. Anayepanda leo anaweka ahadi ya miaka zaidi ya kumi na mtu ambaye hakumwahidi lolote.

Tena kuna jambo la pili, ambalo halisemwi sana. Jani likishakatwa halingoji. Sharti lifike kwenye korona, ile mashine ya kukamua nyuzi, katika siku moja au mbili, au sivyo linakauka na katani inaharibika. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukisubiri bei nzuri. Jani la mkonge huwezi. Kwa hiyo mwenye korona ana nguvu juu ya mwenye shamba, kama vile mnunuzi wa ng'ambo alivyo na nguvu juu ya mwenye korona. Nguvu ya mgeni haikomei bandarini. Hupita kiwandani ikaingia hadi katika mizani ya kijiji.

Wako wasemao kwamba tuachane na zao hili. Mimi sikubaliani nao. Mkonge husimama katika ukame unaoua mahindi, na watu bado wanahitaji nyuzi zake kwa kamba, mazulia na kuimarishia jasi ya kujengea. Tena katika kilo 100 za majani, katani ni kilo 4 au 5 tu. Makapi yaliyobaki, ambayo kwa miaka mingi yalimwagwa mitoni, yanaweza kutoa gesi ya kupikia na ya umeme, na jambo hilo limekwisha kujaribiwa pale Hale. Kamba ikisokotwa Tanga, ujira wa kusokota hubaki Tanga.

Lakini kabla ya kupanda, kikundi chako na kiende kwa viongozi wa ushirika kuuliza maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe. Korona ni ya nani, na ikiharibika majani yetu yatapelekwa wapi? Nani anapanga daraja la katani, na je, mkulima anaweza kuwapo wakati wa kupangwa? Bei tunaambiwa kabla ya kukata, au baada? Zinapita siku ngapi tangu kukata hadi kulipwa? Na katika miaka mitatu ya kungojea, nafasi zilizo kati ya mistari zitapandwa chakula gani?

Tuleteeni majibu mtakayopewa. Juma lijalo tutazungumza juu ya pamba ya Usukuma.