Adhabu Isiyofika Mwaloni

Msikilizaji, mvuvi akikamatwa na nyavu haramu kwenye ziwa letu, adhabu yake haifichiki. Nyavu hurundikwa mahali pa wazi, huwashwa moto watu wakiangalia, na kabla jua halijazama habari imefika Kibirizi, Katonga na Ujiji. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, mwenye mtumbwi alijua kosa ni lipi na litamponza vipi. Sasa chukua kampuni ya kubeti mtandaoni inayopokea fedha za mvuvi huyohuyo kwa simu. Ikimwachia mtoto wa miaka 15 aweke mkeka, itaadhibiwa vipi, na nani hapa Kigoma atapata habari? Ninavyoona mimi, adhabu inayoishia kati ya kampuni na serikali, bila kutangazwa na bila aliyeumia kurudishiwa chake, inageuka kuwa ada ya kuendelea na biashara. Kampuni huilipa kama inavyolipa pango la ofisi.

Sheria tunayo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi inayotoa leseni, inayoweza kuzisimamisha na hata kuzifuta, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Swali ni kosa gani hasa linaloifanya serikali ikunje ngumi. Tuangalie kwa jirani. Julai 2019 Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubashiri, SportPesa ikiwemo, na Safaricom ikaagizwa kuzifungia namba za malipo. Hatua ilikuwa kali kweli, lakini kiini cha ugomvi kilikuwa kodi. Kodi ni haki ya umma, sibishi. Ila kijana aliyekuwa akimaliza mshahara wake kwenye mikeka hakuwa ndiye sababu kuu ya hasira ile. Miaka miwili baadaye, Julai 25, 2021, Simba na Yanga zikaja kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam hapahapa Uwanja wa Lake Tanganyika, zote mbili zikidhaminiwa na SportPesa. Udhamini ule ulikuwa halali. Lakini kati ya waliojaa jukwaani, ni wangapi walikuwa wamesimuliwa yaliyotokea Nairobi?

Uingereza nako kamari imeota mizizi kuliko kwetu, na siitaji kama nchi ya kuigwa kwa kila kitu. Ila katika hili wametutangulia. Machi 2023 tume yao ya kamari ilitangaza kwamba kampuni za William Hill zingelipa pauni milioni 19.2, zaidi ya shilingi bilioni 50. Haikutaja kiasi tu. Ilieleza kosa kwa kosa, likiwemo la mteja aliyefungua akaunti mpya na kutumia pauni 23,000 ndani ya dakika 20 bila kuulizwa lolote. Machi 2020 ilikuwa zamu ya Betway, pauni milioni 11.6, na sehemu ya fedha hizo ilipangwa kurudi kwa watu ambao mali yao ilishukiwa kuibwa na kuishia kwenye kamari. Betway hiyo ipo na hapa Tanzania. Mtanzania anayefungua akaunti leo ana haki ya kujua rekodi hiyo, kama anavyojua odi za mechi ya Jumamosi.

Wapo wanaouliza: kampuni itamjuaje mteja aliye mwaloni, mamia ya kilomita kutoka ofisini kwao? Itamjua kwa simu yake. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na usajili huo unategemea kitambulisho cha NIDA, chenye tarehe ya kuzaliwa. Nakubali kwamba mtoto anaweza kuchukua simu ya mama yake, na hapo usajili haumzuii. Lakini mwenendo wa miamala unasema mengi. Laini ambayo haikuwa ikibeti, ghafla inaweka shilingi 500 mara 30 usiku mmoja kwenye mchezo wa kindege: mashine za kampuni zinaliona hilo papo hapo. Mashine hizohizo ndizo zinazojua wa kumtumia ujumbe wa bonasi pindi mkeka wake unapochanika. Anayeweza kumvizia mteja ili acheze zaidi hawezi kudai kwamba hana macho ya kuona anapozama.

Hoja nzito zaidi ni kwamba adhabu kali itawakimbizia wachezaji kwenye tovuti za nje zisizo na leseni wala kodi. Ina ukweli wake, hasa kwa mwenye kadi ya benki na uzoefu wa mtandao. Kwa mvuvi anayegawiwa fedha yake baada ya dagaa kuuzwa asubuhi, njia ni moja tu, nayo ni pesa ya kwenye simu. Kenya ilipofunga namba za malipo ilionyesha koo liko wapi. Mitandao ya simu inafanya kazi hii kwa vibali vya Benki Kuu, hivyo asiye na leseni ya Bodi anaweza kunyimwa namba ya kupokelea fedha. Na mtu mzima achezaye kwa hiari yake hazuiliwi na lolote kati ya haya. Hiari yake inahitaji ajue anacheza na nani.

Kuna jambo linalotugusa sisi wa redio pia, na si vizuri tukalipita kimyakimya. Matangazo ya kubeti yanalipa mishahara katika vituo vingi nchini. Basi Bodi iweke sharti hili kwenye leseni: kampuni ikiadhibiwa, taarifa ya kosa lake isomwe hewani kwa gharama yake yenyewe, kwenye kipindi kilekile cha michezo ilikonadi odi zake, na kwa idadi ileile ya siku.